Maharagwe ya Kilima cha Matwi

Mashine ya kubomoa ilifika juu ya kilima cha Matwi wakati Kapinga alikuwa bado anaanika mashuka. Ilikuwa ya njano, imeletwa kutoka Beni juu ya lori, na matope ya barabara yalikuwa yamekaukia kwenye minyororo yake. Dereva, kijana wa sauti ya chini aitwaye Élysée, aliizima kwanza. Akateremka, akavua kofia.

“Jambo, mama. Uko na maji ya kunywa?”

Kapinga alimpa maji katika kikombe cha wageni. Élysée akayamaliza, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

“Aksanti. Sasa, mama, utoshe mashuka yako ku kamba. Balinituma niangushe hii yote.”

Hiyo yote ilikuwa nyumba ndefu ya mawe, nyumba ndogo ya mlinzi, na nguzo za chuma zilizopangwa kwa mistari mteremkoni, zikishikana kwa nyaya. Wazungu wa sayansi walikuwa wamevijenga zamani ili kusikiliza mawimbi ya redio yanayotoka kwenye jua na mbinguni. Wenyeji wa Butembo waliziita nguzo zile Matwi, yaani masikio kwa Kinande, na kilima kikabaki na jina hilo. Wazungu walipoondoka, serikali ilimtuma Ilunga, mume wa Kapinga, fundi wa mitambo kutoka Kasai. Mshahara wake ulikuja, ukachelewa, kisha ukaacha kuja kabisa. Ilunga hakuacha. Kila Alhamisi alifungua mlango kwa watoto wa shule, akawasha chombo cha kupokelea kwa betri ya gari, na watoto wakasikia jua likivuma kama mvua inayonyesha juu ya mabati ya kijiji cha mbali. Na watu walipokimbia vita upande wa Beni, ni ndani ya nyumba ile ya mawe walipolala, familia kando ya familia, katikati ya makabati ya mitambo. Kati ya nguzo, wanawake wa jirani walilima maharagwe. Walimwambia tu Kapinga, “Mama Gaëlle, minachukua huu mustari,” naye akasema, “Chukua.”

Élysée alingoja mpaka shuka la mwisho likaingia ndani. Ndipo akapanda mashine. Nguzo ya kwanza ilipoinama, nyaya zililia, na kilio kile kikasikika mpaka barabarani.

Watu walipanda kilima. Mwalimu Solange, ambaye darasa lake lilikuwa limekuja Alhamisi nyingi, alitangulia akiwa amevaa viatu vya ndani. Nyuma yake wakaja wanawake na majembe yao, kwa sababu walikuwa njiani kwenda shambani. Hakuna aliyepiga kelele. Walikaa chini kwenye nyasi, mbele ya mashine, wakanyoosha miguu kama watu walioshinda msibani.

“Bamama, musiniletee matatizo,” Élysée alisema kutoka juu. “Miye niko mutu ya kutumwa.”

“Sisi pia tumechoka tu,” Solange akamjibu. “Tunapumuzika. Ukitaka, teremuka upumuzike.”

Élysée akateremka. Mama mmoja akamkatia kipande cha muhogo.

Mchana, mkuu wa mtaa alifika na simu kwenye kila sikio. Kilima, alisema, kilikuwa kimeuzwa. Aliyekinunua ni Zorobabel, mfanyabiashara wa kakao wa Beni, ambaye alitaka kujenga hoteli pale penye upepo mzuri. Aliyekiuza ni Mathe, wa familia yenye udongo ule tangu mababu. Mathe alikuwa ametia sahihi kwamba wageni waliopewa kilima walikiacha zamani, na udongo ulioachwa hurudi kwa wenyewe. Mashine ingesimama mpaka Ijumaa. Siku hiyo wangekutana wote, mjumbe wa komine, yaani manispaa, akiwepo, na kama hakuna neno jipya, kazi ingeendelea.

* * *

Siku iliyofuata Ilunga alivaa tai yake, akaenda kwenye bureau ya mambo ya ardhi. Solange alimsindikiza. Yeye alibaki nje, kwa sababu Ilunga alisema mambo ya kazi yake atayasema mwenyewe.

Ndani, karani kijana hakuinua uso.

“Papa, uko wa wapi?”

“Wa Kasai. Lakini niko hapa tangu—”

“Nimeuliza wa wapi, sikuuliza tangu lini. Unafanya nini kule juu?”

“Ninalinda observatoire, ile nyumba ya kusikiliza jua.”

“Banakulipaka?”

Watu waliokaa kwenye benchi walikuwa wanasikiliza.

“Hapana,” alisema.

“Donc hauna kazi. Mutu anaikala mu nyumba ya bule, na anavaa cravate. Rudia kwenu, papa. Mwenye kufuata.”

Ilunga alipotoka, Solange aliona uso wake, hakuuliza kitu. Alisema kwamba kichwa kinamuuma kwa jua na kwamba chai ingemsaidia. Wakaingia kwa muuza chai. Solange aliagiza vikombe viwili na mikate miwili ya mafuta, kisha akasema hana njaa, akasogeza wake upande wa Ilunga. Ilunga alikula yote miwili akiangalia ukuta. Ni chakula cha kwanza alichokula tangu mashine ifike.

Jioni, binti yao Gaëlle alipiga simu kutoka Beni.

“Maman, mukuye hapa. Chumba kiko.”

Kapinga alikijua chumba hicho. Ni pale mkwe wao alipoweka magunia ya kakao, na mlango wake haukufunga vizuri. Hata alipokuwa anazungumza, Gaëlle aliinua sauti kila lori la jeshi lilipopita kule Beni.

“Tutaona, mwanangu. Umekula?”

“Nimekula. Papa anasema nini?”

Ilunga alikuwa ameketi kwenye kizingiti, akikunja waya uliokatika, akiupanga kwa duara kama mtu anayekunja kamba ya mbuzi aliyekufa.

“Umwambie,” alisema bila kugeuka, “siendi kulala juu ya kakao ya watu mpaka nife.”

Kapinga akamwambia Gaëlle kwamba baba yake anamsalimu sana.

* * *

Alhamisi, jua likiwa kichwani, Kyakimwa alipanda kilima kwa fimbo. Alikuwa mama yake Mathe, mjane wa mkubwa wa ile familia yenye udongo, na watu wote, hata wale wasio wa ukoo wake, walimwita Mukaka, yaani bibi. Alipumzika mara nyingi njiani. Alipofika, Élysée, aliyekuwa analala chini ya mashine yake, aliamka akamletea kigoda.

Kapinga alitoka akijifuta mikono. Hakujua amsalimu vipi mama wa mtu aliyewauza. Akamsalimu kama siku zote.

“Mukaka, karibu.”

“Nimekaribia. Nimekuya kuuliza beseni.”

“Beseni gani?”

“Ile ya buluu. Kila mavuno inakuyaga kwangu. Mwaka huu sijaiona. Nikasema, labda imetoboka.”

Kapinga aliinamisha macho. Alipofika kilimani akiwa mke mgeni, bila kujua hata neno moja la Kinande, ni Kyakimwa aliyempa mbegu za kwanza za maharagwe. Mavuno yalipotoka, Kapinga alijaza beseni, akampelekea, kama alivyofundishwa kwao kwamba mkono uliokupa mbegu haukosi kuonja. Kyakimwa alilirudisha beseni likiwa na chumvi ndani, kwa sababu chombo hakirudi kitupu. Tangu hapo ilikuwa hivyo kila mwaka. Lakini mwaka huu, habari za kuuzwa kwa kilima zilipoanza kunong’onezwa, Ilunga alikuwa amesema, “Hata punje moja haiendi kwa nyumba ya Mathe.” Akabeba gunia, akaliuza sokoni.

“Beseni iko muzima, Mukaka. Maharagi ndiyo hakuna. Tuliuza.”

Kyakimwa alichora mstari mchangani kwa fimbo.

“Nikuambie kitu, Mama Gaëlle. Bazungu walipokuya kuomba hiki kilima, walileta mbuzi kwa baba mukwe wangu. Na kila mavuno, kitu cha udongo huu kilifika kwetu. Ndiyo desturi. Mutu akingali anakuonjesha, udongo ungali wake, hata akuwe mugeni namna gani. Akiacha mpaka mbegu mupya zinaingia mu udongo, ameachilia. Bazungu walienda, hakuna aliyeleta tena. Bwana yangu akasema, kilima kimerudi kwetu. Kisha wewe ukafika na beseni.”

“Lakini miye nilikuletea tu juu ya ujirani.”

“Najua. Bwana yangu pia alijua. Alikula, akasema, desturi haiulizake mutu kama anaijua. Akaacha mumeo afanye kazi yake.”

“Mathe anajua hii?”

“Mathe alikuwa mutoto, tena alisoma, lakini anajua. Mwaka huu aliangalia mu gala yangu, hakuona beseni, akaenda kutia sahihi.” Mzee akainuka polepole. “Kesho bataniuliza mbele ya watu. Juu ya udongo sidanganyake, hata kwa mutoto wangu, hata kwako. Na maharagi siombe. Ya kuomba haihesabiki. Nimekuya kuuliza beseni tu.”

Akateremka. Élysée akamsindikiza mpaka penye utelezi, akimshika kiwiko.

* * *

Kapinga alimweleza mumewe yote. Ilunga alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akaketi, akafunika uso kwa mikono, ile mikono yenye makovu ya waya.

“Kumbe ni miye,” alisema.

“Ulikuwa na kasirani. Mutu anakuwaka na kasirani.”

“Miaka yote nilifikiri ni miye ninalinda hii mahali. Kumbe ni wewe, na beseni.”

“Tulilinda wote. Simama. Mbegu hazijaingia bado mu udongo.”

Kununua maharagwe sokoni ilikuwa rahisi, lakini yangekuwa ya udongo mwingine. Ya Matwi yalikuwa mikononi mwa wale wanawake waliolima kati ya nguzo, kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule, yaliyobaki baada ya kula na kuuza. Kapinga alichukua beseni. Ilunga akalishika upande wa pili.

“Nitaenda miye. Ni miye niliuza.”

“Twende wote. Hawajazoea kukuona na beseni, batakimbia.”

Hivyo, Alhamisi ile ambayo watoto wa shule hawakuja, watu wa mtaa walimwona Papa Ilunga akienda mlango kwa mlango na beseni la buluu begani. Kwenye mlango wa kwanza alisimama, akahamishia beseni bega la pili. Alikuwa mtu wa kuombwa funguo, si wa kuomba. Akasema tu, “Mama, tunatafuta maharagi ya kule juu, hata kikombe,” akaeleza kwa nini. Mama huyo hakungoja mwisho. Aliingia ndani, akatoka na bakuli.

“Papa Ilunga,” akamwambia, “beseni inabebwaka ku kichwa. Ku bega inabebwaka redio.”

Wanawake wakacheka, naye akacheka kidogo. Akaliweka kichwani, likayumba. Mama mmoja akavua kitambaa chake, akakikunja duara, akamwekea kichwani chini ya beseni.

Wengine walitoa mekundu, wengine ya njano, wengine yenye michirizi. Mama mmoja alikuwa tayari ameyaweka jikoni. Akayatoa ndani ya maji, akaona aibu, akawafuata baadaye na machache aliyoyakuta chini ya mtungi. Lakini mavuno hayakuwa mazuri mwaka ule, na walipofika nyumba ya mwisho beseni halikujaa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Anne-Marie. Alikuwa amekimbia kutoka kijiji cha upande wa Beni na watoto wake, akalala ndani ya nyumba ya mawe mpaka alipopata chumba. Kapinga alimwashiria mumewe wapite. Anne-Marie hakuwa na cha kutoa, na kumwomba asiye nacho ni kumuumiza. Lakini Anne-Marie alikuwa mlangoni tayari.

“Mbona munapita? Nyumba yangu inanuka?”

“Hapana, mama. Tulisema usisumbuke.”

“Kwenu nilisumbua na batoto wote, hamukusema kitu.”

Alitoa kopo lililofungwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na maharagwe madogo meusi, yamepakwa majivu ili wadudu wasiyale. Ilikuwa mbegu yake ya msimu ujao. Punje za kwanza alikuwa ameziokota kijijini mwake siku ya kukimbia, akazipanda Matwi, na pale mtaani hakuna mwingine aliyekuwa na aina hiyo.

“Hii ni mbegu,” Kapinga akasema. “Utapanda nini?”

“Mukibomolewa, nitapanda wapi?”

Akamimina. Beseni likajaa.

Walilipeleka kwa Kyakimwa kabla jua halijatua. Mzee alitia mkono ndani, akageuza maharagwe, akavitazama vidole vyake vilivyobaki na majivu. Hakusema kama inatosha.

“Wasingya,” alishukuru kwa Kinande. “Mwende mulale.”

* * *

Ijumaa walikutana ndani ya nyumba ya mawe. Mjumbe wa komine alipewa kiti pekee chenye mgongo. Zorobabel, mtu mnene mwenye adabu, alisimama karibu na dirisha akiangalia nguzo. Mathe aliketi karibu naye, amevaa koti jipya. Watu wengine walijaa mpaka nje, Élysée pia, kofia mkononi.

Mjumbe aliuliza kama familia yenye udongo inakubali kwamba kilima kiliachwa.

“Familia inakubali,” Mathe alisema. “Nilitia sahihi.”

“Familia ingali na mukubwa wake,” ilijibu sauti ya Kyakimwa kutoka nyuma. Vijana wawili wakaweka beseni la buluu mbele ya mjumbe. “Hii ilifika jana kwangu, na mbegu mupya hazijaingia mu udongo.”

Mathe alisogea, akachota maharagwe, akayatawanya kiganjani. Uso wake ulionyesha kwamba alijua maana ya beseni lile, na kwamba ameona pa kupitia.

“Maman, uangalie vizuri. Mekundu, ya njano, meusi. Haya hayakutoka mu shamba ya Papa Ilunga. Yake aliuza, soko yote ilimuona. Haya ni ya kuokotaokota kwa watu. Donc haihesabiki.”

Kapinga alishika mkono wa mumewe. Ilunga akasimama.

“Ni kweli. Yangu niliuza, juu ya kasirani. Haya ni ya bamama wanaolima kule juu. Nilipita ku milango.”

“Nani alikuomba upite?” Kyakimwa akauliza.

“Hakuna, Mukaka.”

Mzee alimgeukia mwanawe. Sauti yake haikupanda.

“Mathe, mwanangu. Miaka yote ile maharagi yalikuwa ya shamba moja, na baba yako aliyahesabu. Leo ni ya kilima kizima. Kila mustari kati ya zile nguzo umekuya kunionjesha. Sasa weye unataka niseme kwamba watu wote hawa wameacha udongo, na bamesimama hapa mbele yangu?”

Mathe aliyarudisha maharagwe ndani ya beseni, punje kwa punje. Moja ilianguka; akainama, akaiokota, akaiweka pia. Mama yake aliona hilo.

Mjumbe alikohoa. Alisema kwamba bila neno la mkubwa wa familia karatasi ya mauzo haina miguu, dossier itarudi bureau, na mashine iteremke. Mambo ya pesa yao, Mathe na Zorobabel wangeyaongea wenyewe. Zorobabel alipumua kwa nguvu.

“Upepo wa hapa ni muzuri kweli,” alisema. Akampa Ilunga mkono, akatoka.

Mashine haikuteremka mara moja. Élysée alikwenda akaitazama nguzo aliyoiangusha, akaizunguka, kisha akamwita Ilunga.

“Papa, hii mashine inajua pia kunyanyua. Mafuta yangali ndani. Unionyeshe tu ilisimama namna gani.”

Waliisimamisha pamoja. Wanaume walivuta kamba, wanawake walishindilia mawe kwenye shina lake. Ilibaki imeinama kidogo upande wa Beni, na imeinama hivyo mpaka leo.

Jumapili baada ya misa, beseni lilirudi. Kyakimwa hakulituma, alilileta mwenyewe, Mathe akilibeba nyuma yake, kichwani, bila koti jipya. Ndani mlikuwa na chumvi, kama kila mwaka. Juu ya chumvi kulikuwa na kopo dogo lililofungwa kwa kitambaa.

Kapinga alifungua. Yalikuwa maharagwe madogo meusi, yamechaguliwa moja moja kutoka kwenye beseni zima, yakapakwa majivu upya.

“Haya yalipotea njia,” Kyakimwa alisema. “Mbegu haikulwake. Ni ya nani?”

Kapinga alinyoosha mkono tu, upande wa mteremko, ambapo Anne-Marie alikuwa tayari ameinama na jembe, akilainisha mstari wake chini ya nguzo iliyopinda, bila kujua bado atapanda nini.